Mgombea, Ngitili na Kura za Shemeji

Pale Didia, lami inapokatana na njia ya ng'ombe iendayo mnadani, ndipo kilipo kijiwe cha Masudi. Mabenchi mawili yanatazamana, katikati jiko la mkaa, juu ya jiko birika, na juu ya vyote turubai la bluu lililotoboka pembeni. Masudi mwenyewe ni mtu wa Ujiji, alimfuata mke huku akabaki na kahawa. Wateja wake wa kila asubuhi wana majina ambayo hawakupewa na wazazi wao. Mzee Bartholomeo, aliyekuwa mpima pamba enzi hizo, anaitwa Antena, kwa kuwa redio yake ndogo haibanduki sikioni. Abel anaitwa Duara, maana ujana wake aliuacha kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kule Buseresere kabla hajarudi kuendesha bodaboda. Naye Mihayo, mfugaji mwenye maneno machache, tangu alipochukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kijiji baada ya mwenyekiti kufariki, hakuna tena amwitaye Mihayo. Anaitwa Mgombea. Asubuhi hiyo ya kiangazi Mgombea alifika kabla ya wote, akakaa benchi la upande wa barabara, mgongo ameugeuzia kilima.

Antena hakungoja hata kukaa.

— Wale watu wametoka tena!

— Nani katoka? aliuliza Masudi, akimimina.

— Marekani. Kwenye mkataba wa Paris, ule wa hali ya hewa. Redio leo wamechambua mpaka mfupa. Walitoka, wakarudi, wametoka tena. Mmoja akiingia Ikulu anasaini, mwingine akiingia anafuta.

— Basi huo si mkataba, alisema Abel. Huo ni mlango wa kilabu cha pombe.

Masudi alicheka. Mihayo hakucheka. Alikipokea kikombe chake kwa mikono miwili, akakipuliza muda mrefu kuliko kahawa ilivyohitaji.

— Sikilizeni, Antena aliendelea, kidole juu. Shida ya wale si hali ya hewa. Shida ya wale ni kitu kinaitwa Seneti. Rais akisaini mkataba mzito, lazima Seneti ikubali. Na Seneti kwenye mambo haya ni ngumu kama kwato. Sasa kule Paris mnajua walifanya nini? Rasimu ilikuwa imeandika nchi tajiri "ni lazima" zipunguze moshi. Dakika za mwisho Marekani wakashtuka. Wakasema hilo neno litoke, liwekwe "inapasa". Maana "ni lazima" ingepelekwa Seneti, na Seneti ingeitupa jalalani.

— Neno moja tu? aliuliza Masudi.

— Neno moja. Dunia nzima imekaa ukumbini na tai shingoni, inasubiri neno moja libadilishwe kwa sababu ya watu wa nyumbani kwa mtu mmoja.

— Mimi mke wangu nikimwambia inapasa upike, alisema Abel, nitalala njaa.

— Ndiyo maana na mkataba wenyewe unalala njaa! Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Hapo haraka iko wapi, mzee?

— Ipo. Wewe kunywa.

Mihayo aliyasikia yote hayo kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Didia nayo ilikuwa na mkataba wake. Juu ya kilima kile alichokipa mgongo kulikuwa na ngitili, ile hifadhi ya malisho ambayo Wasukuma huifunga nyasi zikomae na miti ipumue, ikafunguliwa kiangazi kinapouma kweli. Kilima hicho kilikuwa mali ya vijiji vitatu: Didia upande huu, Bugeke upande ule, na Mwahalanga kule chini linakoishia korongo, penye lambo la maji. Miaka ya nyuma kila kijiji kilikuwa kikifungua siku yake, kila mmoja akimkimbilia mwenzake, mpaka kilima kikabaki kipara. Mvua ikaja ikazoa udongo wote ikaumwaga lamboni Mwahalanga. Ndipo vijiji vitatu vikakaa chini ya mwamvuli wa afisa kata, vikakubaliana: tunafunga pamoja, tunafungua pamoja, mwishoni mwa Septemba, siku moja. Na mwenyekiti wa kamati ya ngitili kwa upande wa Didia ni huyu huyu Mihayo.

Sasa ulikuwa bado Agosti. Juzi mnadani Jilala, kaka wa mke wake, alimvuta pembeni ya zizi la kuuzia. Jilala ana ng'ombe wengi na ukoo mpana, na mwaka huu nyasi za mbugani zilikauka mapema. Ng'ombe wake walikuwa wamebaki mbavu.

— Shemeji, alimwambia, sikuombi ufungue ngitili. Mimi si mtu wa kukuharibia. Nakuomba keshokutwa asubuhi ukae kahawani. Ukiwa kahawani, hujaona. Na Jumapili kwenye kura, ukoo wetu wote tunakuja na jina moja.

Mihayo hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alitazama ng'ombe mmoja akipandishwa kwenye lori, akasema, "Huyu amekonda." Jilala akamshika bega, wakaagana.

Na sasa yuko kahawani.

— Mimi nawaambieni, Abel alikuwa akisema, mzee Antena anaongelea tai. Mimi nimefanya kazi chini ya ardhi. Kura za kutoka kwenye mkataba zimetolewa na wachimbaji wenzangu, wale wa makaa ya mawe. Siku moja unaambiwa duara limefungwa, panda juu. Unapanda juu unaenda wapi? Huna shamba, huna mbuzi, kifua kimejaa vumbi. Akija mtu akakwambia mkataba ndio uliokufungia, si utampa kura yako na ya mkeo? Nani aliwauliza wale watu watakula nini? Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Makaa ya mawe yako wapi? Chini. Ndiyo maana rais akainama.

— Methali umeivalisha kinyumenyume, alisema Masudi, lakini mwili umeingia.

— Wewe una lako?

— Langu ni fupi. Siasa yoyote, ukiichimba mpaka chini kabisa, utakuta shemeji.

Kahawa ilimpalia Mihayo. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, Abel akampiga mgongoni.

— Pole, Mgombea. Shemeji gani huyo, Masudi?

— Simjui. Ila yupo. Mtu hawezi kuvunja mkataba wa dunia nzima asubuhi asubuhi hivi hivi tu. Kuna shemeji ana visima vya mafuta, kamwambia, we nisaidie, na mimi nitakusaidia.

— Ushahidi? aliuliza Antena.

— Ushahidi wa shemeji haujawahi kupatikana duniani.

— Hapana, hapana, alisema Antena, ambaye hakupenda kushindwa na muuza kahawa. Nyote mmekosea. Wale wanatoka kwa makusudi, ili wabembelezwe warudi. Ni kama bibi harusi anayerudi kwao kila mwaka. Kila akirudi kwa mume, ng'ombe wapya. Dunia imekuwa mkwe, inalipa mahari isiyokwisha.

— Mimi nawazidi, alisema Abel. Wamekwishapata dunia nyingine. Mnadhani yale maroketi yanapeleka nini kule? Wanapima viwanja. Mpangaji anayehama hafagii. Ukiona mtu ameacha kufagia, jua mizigo ameshafunga.

Wakacheka wote, hata mpita njia mwenye baiskeli akapunguza mwendo. Ndipo Mihayo akaweka kikombe chini. Hakuwa amekusudia kusema, lakini maneno yalikuwa yamemjaa.

— Mnamcheka rais wa watu bure, alisema. Kiongozi hachaguliwi na dunia. Anachaguliwa na watu wa kwake. Dunia ikikauka, haitakuja kumpigia kura. Watu wake wakilia njaa leo, atawaambia nini? Subirini, nimesaini karatasi? Mkataba ni mzuri, sawa, lakini mkataba haukamuliwi maziwa. Mwenye ng'ombe akikwambia ng'ombe wanakufa, wewe unamsomea ibara?

Abel akapiga makofi.

— Sera hizo! Mgombea leo ameamka!

— Umesema vizuri, alikubali Antena, ingawa ng'ombe sijui wameingiaje Marekani.

Mihayo alijisikia kifua kimepanuka. Kweli, alijiambia, ni jambo linalotetewa. Kumbe linaweza kusemwa hadharani na watu wakapiga makofi. Akanyoosha kikombe aongezewe.

Masudi alikuwa bado ameinamisha birika wakati mwanamke mmoja aliposimama kwenye ukingo wa turubai. Alikuwa mtu mzima mwenye khanga kiunoni na vumbi jekundu mpaka magotini, vumbi la njia ya kilimani. Mihayo alimtambua mara moja. Zipora, katibu wa kamati ya maji ya Mwahalanga.

— Shikamoo baba, alimwamkia Antena.

— Marahaba mwanangu. Karibu, keti. Masudi, mpe mgeni kahawa.

— Ahsante baba, sitakaa. Huko kwetu wameketi mkutanoni wananisubiri. Nimetumwa swali moja tu.

— Uliza, alisema Antena kwa furaha. Hapa umefika kwenye chuo.

Zipora aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa amekasirika. Angekuwa amekasirika, ingekuwa rahisi.

— Didia bado mmo, au mmetoka?

Antena aliishusha redio sikioni. Abel alimtazama Masudi, Masudi akalitazama jiko. Watu waliojua neno lililobadilishwa Paris, waliojua Seneti inavyofikiri na maroketi yanabeba nini, walitafuta jibu la Didia wasilione. Polepole, bila kupanga, macho yote yakahamia kwa mwenyekiti wa kamati.

— Nauliza, Zipora aliendelea kwa upole ule ule, kwa sababu nimepita ngitili nimekuta ng'ombe ndani. Kama mmetoka, si ugomvi. Mtuambie tu, ili na sisi tufungulie wa kwetu leo leo. Na sisi wa kwetu wamekonda. Bugeke nao wameshaanza kuuliza. Kabla ya jua la mchana kilima kitakuwa kimejaa, na mvua ikija tutakutana lamboni na majembe kama zamani.

Mihayo aliinuka. Aliyasikia makofi ya Abel yakimlia masikioni upya, akaona aibu. Maneno aliyoyasema hayakuwa ya uongo hata moja. Alikuwa ameyasema akiwa amekipa mgongo kilima, basi.

— Abel, alisema. Pikipiki ina mafuta?

— Ipo vizuri.

— Tupeleke.

Wakapanda mshikaki, Abel mbele, Mihayo katikati, Zipora nyuma ameshika khanga. Nyuma yao Antena alianza kutembea kuelekea kilimani, redio mkononi, na Masudi, ambaye hajapata kuliacha jiko lake tangu afungue kijiwe, akalifunika birika kwa sinia akamfuata. Habari kama hiyo mtu haingoji kusimuliwa.

Ng'ombe walikuwa wametapakaa kati ya migunga, vichwa chini, wanang'oa nyasi kwa sauti ya kitambaa kinachochanika. Jilala alikuwa amesimama juu ya kichuguu, fimbo mabegani. Alipomwona Mihayo alitabasamu, alipomwona Zipora tabasamu likaondoka.

— Shemeji, alisema Jilala, tulisema utakuwa kahawani.

— Wewe ulisema. Mimi sikusema kitu, na hapo ndipo nilipokosea. Watoe ng'ombe.

— Unawaona walivyo?

— Nawaona.

— Unawaona, halafu unaniambia watoe? Hawa ndio waliomwoza dada yangu kwako? Hapana, ulileta wako. Lakini hawa ndio waliokupa maziwa mwanao Loveness alipozaliwa na mama yake hana kitu kifuani.

Jambo hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma Mihayo mahali pake. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: hakubishana. Alimgeukia Zipora.

— Mama, ng'ombe hawa wanapelekwa kunywa kule mtoni, mbali. Nusu ya kukonda kwao ni ile njia. Lambo lenu lina maji?

— Lina maji. Mwaka huu ni safi, kwa sababu ya kilima hiki.

— Wanyonge wao wakishushwa kunywa kwenu, mtakubali?

Zipora alifikiri. Aliwatazama ng'ombe, mbavu kwa mbavu, kama mtu anayezijua.

— Mimi peke yangu siwezi kusema ndiyo. Lakini mkutano umekaa, nitalipeleka. Nikiwaambia Didia wamefunga, watanisikiliza. Nikiwaambia Didia wana ng'ombe ndani, hata mimi sitafungua mdomo.

— Na nyasi, alisema Mihayo, sasa akimgeukia shemeji yake, kamati inaweza kuruhusu kukata. Kukata na kubeba, kwa ndama na wenye maziwa. Tulipokaa pale chini ya mwamvuli tulihesabu miti, tukahesabu mwezi wa kufungua, hatukuuliza mtu kama wewe atakula nini akisubiri. Kosa ni letu. Nitaitisha kamati leo, na wa kwanza kupewa sehemu ya kukata ni wewe.

Abel, aliyekuwa ameegemea pikipiki, alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyewahi kupanda kutoka duarani akakuta hakuna aliyemngoja juu.

Lakini Jilala alikuwa Jilala.

— Mimi? Mwenye zizi lile? Nishike mundu nikate nyasi kama mwenye mbuzi mmoja?

— Ndiyo, shemeji.

— Basi Jumapili usilitafute jina la ukoo wetu kwenye sanduku lako.

— Sitalitafuta.

Mihayo alivunja tawi la mgunga, akajichoma mkono, akaingia kati ya ng'ombe mwenyewe, akiwaswaga kwa mluzi wa kwao aliofundishwa tangu utoto. Ng'ombe wanamjua shemeji, hawakusumbua. Abel akaingia upande wa pili, akipiga kelele kama mtu anayefukuza nyani, mpaka Antena aliyefika akihema akamwambia anyamaze, anawatisha ndama. Jilala alikaa juu ya kichuguu chake, hakusaidia wala hakuzuia. Ng'ombe wa mwisho alipotoka, aliteremka, akawafuata bila kuaga.

— Mama Zipora, alisema Mihayo, damu ikimchuruzika kiganjani. Waambie watu wako: tumo.

Zipora aliushika mkono wake ule ule wenye damu, akashuka upande wa korongo akitembea haraka.

Jioni hiyo kulikuwa na mkutano wa kampeni uwanjani karibu na ghala la pamba. Habari ya kilimani ilikuwa imeshazunguka kijiji chote, na imeongezwa chumvi: kuna waliosikia kwamba Mgombea amempiga shemeji yake, na waliosikia kwamba amepigwa. Mpinzani wake alisema kwanza, akaahidi kwamba yeye akishinda ngitili itafunguliwa kesho yake. Wenye ng'ombe wakapiga vigelegele. Mihayo alipopewa kipaza sauti, mkono umefungwa kitambaa, hakusalimia hata kwa kaulimbiu.

— Mmesikia niliyoyafanya leo. Nikichaguliwa, tumo kwenye mkataba. Nisipochaguliwa, nitakuja kwenye mkutano wa kijiji na kunyoosha mkono kwamba tumo. Kwa hiyo kwa jambo hilo msinipe kura, na kwa jambo hilo msininyime. Ila mwenye ng'ombe mnyonge aje nyumbani kwangu sasa hivi, tumpangie sehemu ya kukata, na lambo la Mwahalanga wamekubali kuwanywesha walio dhaifu. Jibu limekuja saa ya alasiri.

Akarudisha kipaza sauti, akaenda nyumbani. Waliomfuata walikuwa wengi kuliko alivyotegemea, na si wote walikuwa na ng'ombe. Wanawake wa mashamba ya mpunga, wale wanaolima kule bondeni udongo wa kilima unakopitia, walikuja wamebeba miundu ya kuazimisha.

Jumapili kura zikapigwa, zikahesabiwa, na Mihayo akashinda. Hakushinda kwa kishindo. Kijiweni walitumia wiki nzima kueleza kwa nini, Antena akisema ni lambo, Abel akisema ni ule mkono uliofungwa kitambaa, Masudi akisema ni kahawa.

Siku ya pili baada ya kuapishwa, mwenyekiti mpya alipanda ngitili kukagua. Akamkuta Jilala ameinama, mundu mkononi, mzigo wa nyasi umefungwa vizuri kando yake. Shati limeloa. Hakusimama.

— Mimi sikukupigia kura, alisema Jilala kwa chini.

— Najua, shemeji.

— Nilisema sitakupigia, na sikukupigia.

— Najua.

Jilala alikata mshiko mwingine, akautupa juu ya mzigo, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

— Wake zangu sijawauliza, alisema.

Mihayo alivua koti, akalitundika kwenye mgunga. Kisha akashika upande wa pili wa mzigo, wakauinua pamoja.